UZI: Chatu kavua gamba mabaka mabaka, jicho na ncha ya mkia bado. Nifanyeje?

mtende_kusini #1

Asalaam aleikum wanajamvi. Chatu jike, Python regius, yule mfupi mnene wa Afrika Magharibi. Miaka miwili, gramu 900, futi tatu kasoro. Kajivua usiku wa kuamkia jana, lakini gamba limekatikia shingoni likatoka mabaka mabaka. Mgongoni kabakiwa na kipande kirefu kilichokauka kama karatasi ya sigara. Ncha ya mkia ina pete mbili tatu zimegandana. Jicho la kulia liko safi, la kushoto lina ukungu.

Anapokaa: kasha la mbao futi 4 kwa 2, kioo mbele, juu wavu mtupu, taa ya joto ya wati 100 imelalia wavu. Chini maranda kutoka kwa seremala. Kipima unyevu cha mshale kimebandikwa juu karibu na wavu, mchana kinasoma 62. Joto 33 chini ya taa, 26 upande wa pili. Chumba kina kiyoyozi, kinawashwa saa tatu usiku mpaka alfajiri. Bakuli la maji ni la kunywea tu, mwenyewe haenei humo.

Mtaani wanasema mpake mafuta ya nazi halafu vuta taratibu. Ni sawa?

karafuu_kavu #2

Usivute! Jicho ndiyo kabisa, usiliguse. Ngoja wenyewe waje.

gamba_zima #3

Waaleikum salaam. Tuanze na kiyoyozi, maana ndicho kilichokufikisha hapa.

Gamba likikwama watu husema hewa kavu. Unguja hii? Masika ukianika nguo hazikauki siku mbili. Hewa ya kisiwa haina kosa, kilichokaushwa ni chumba. Ule mpira wa kiyoyozi unaodondosha maji nje ya dirisha usiku kucha, yale ndiyo maji aliyokuwa akiyataka chatu wako. Ongeza taa ya wati 100 inayopandisha hewa ya moto itokee wavuni, na maranda yanayonyonya kilichobaki. Hiyo 62 ya mchana isikudanganye. Teremsha kipimo pale anapolala, ukisome saa nane usiku.

Na vipimo vya mshale hupotea sana. Kijaribu hivi: jaza kizibo cha chupa chumvi ya jikoni, tia matone ya maji mpaka iwe kama uji mzito (isiyeyuke yote), kiweke pamoja na kipimo ndani ya chombo kinachofunga kabisa, saa 8 hadi 12. Lazima kisome 75. Kikisoma 83, basi kila usomapo toa 8.

Kwa nini unyevu? Ngozi mpya ikishaumbika chini ya ile kuukuu, mwili hupitisha majimaji baina ya tabaka mbili. Ndiyo yanayoyatia macho ile rangi ya maziwa yenye ubuluu. Baada ya siku kadhaa hunyonywa, macho yanang'aa, kisha siku mbili hadi nne ndipo anajivua. Wengi hukosea hapa: macho yakisafika wanaona kazi imekwisha, wanaacha kunyunyiza. Kumbe ndipo gamba linapotakiwa kuwa laini. Likikauka kabla hajaanza kusugua pua, linapasuka badala ya kufunuka kama soksi.

Kwa leo fanya hivi. Tafuta kasha la plastiki lenye kifuniko, toboa matundu ya hewa. Mimina maji ya nyuzi 28 hadi 30. Tumia kipimajoto, kama huna, chovya kifundo cha mkono, uyasikie yana ubaridi kidogo. Ukiyasikia moto, kwake ni tanuri. Kina kifike nusu ya unene wake, kwa huyu kama sentimita 3, alale kichwa kikiwa nje bila kuogelea. Dakika 20 hadi 30, na usiondoke. Aliyechoka huzama kwenye maji ya kimo cha kikombe.

Akitoka, chukua taulo dogo la pamba, lilowe, likamue. Lifumbate kwa mkono legelege, chatu apite katikati akitanguliza kichwa. Yeye ndiye anayevuta, wewe ni mlango tu. Kipande kikifunuka, kifuate toka kichwani kwenda mkiani, kamwe usirudi nyuma. Kikigoma, acha mpaka kesho. Mara moja kwa siku, siku tatu, basi.

Jicho tutalirudia.

pweza_kavu #4

Nje ya mada kidogo. Nilipotafuta "kujivua gamba" mtandaoni nimeletewa wanasiasa wa mwaka 2011 kurasa tatu kabla sijamwona nyoka.

mwana_wete #5

@gamba_zima lakini mafuta ya nazi yana ubaya gani? Ngozi kavu ya binadamu inalainika nayo.

gamba_zima #6

Ya binadamu inalainika kwa sababu yanazuia maji yaliyomo yasitoke. Gamba lililokauka halina maji ya kuzuia. Ukilipaka unaziba njia, halafu ukimlowesha maji yanateleza juu. Na akirudi kashani maranda yote yanamganda, joto letu hili kesho yake kasha linanuka mafuta yaliyochacha. Maji kwanza, na mara nyingi ni maji tu.

dawa_ya_mifugo #7

Hapo kwa mafuta niongeze moja, hasa kwa ndugu zetu wa Pemba: mafuta ya karafuu USIMPAKE nyoka, wala usiyatie ndani ya maji ya kumloweshea, hata kwa nia ya kuua wadudu. Yana eujenoli, ambayo hutumika kulaza samaki ganzi. Kwenye ngozi mpya inachoma, na nyoka aliyekaa ndani ya maji yenye mafuta hayo atayanywa pia.

@mtende_kusini, kabla ya kuendelea, mkague utitiri. Gamba kukwama ni dalili, si ugonjwa, na utitiri wa nyoka (Ophionyssus natricis) ni katika sababu za mwanzo kuziondoa. Angalia ukingo wa macho, kile kifereji chini ya kidevu, na baina ya magamba ya shingo. Ni vidoto vyeusi kama punje za pilipili manga iliyosagwa, vinatembea. Mpitishe kwenye karatasi nyeupe ya jikoni iliyolowa, uone kilichobaki. Na uangalie chini ya bakuli la maji, huzama humo. Nyoka anayeshinda ndani ya bakuli kutwa, mara nyingi ana utitiri.

Taja pia amekula lini, choo kikoje, na kama ana kovu la kuungua au la kung'atwa na panya. Palipo na kovu gamba hukwama maisha, hilo halitibiki, unamsaidia tu kila mzunguko.

mtende_kusini #8

Utitiri hakuna, karatasi imetoka safi, bakuli safi. Hana kovu. Anakula panya mmoja kila siku 10, choo cha kawaida, ile sehemu nyeupe ni ngumu kama chokaa.

Kipimo nimekijaribu kwa chumvi: kimesoma 84 badala ya 75. Kimeteremshwa chini, saa nane usiku kimeonyesha 50. Yaani ukitoa 9 ni 41!

Baada ya kumlowesha mara ya kwanza kipande cha mgongoni kimetoka chote ndani ya taulo. Mkia pete moja imetoka, mbili bado. Jicho vilevile.

gamba_zima #9

41 usiku ndiyo jibu lako. Aina hii inataka 60 siku za kawaida, 70 hadi 80 kuanzia macho yakiingia maziwa mpaka amalize. Na choo cheupe kigumu kama chokaa ni alama ya maji pungufu mwilini. Kikitosheka maji huwa laini kama dawa ya meno. Weka bakuli zito analoweza kujikunja lote ndani, na maji ya kisima chako yaonje mwenyewe kwanza. Visima vingi vya pwani vina chumvi, mnyama anayaacha. Ya mvua au ya bomba yanafaa.

Sasa kasha. Funika theluthi mbili za wavu kwa bati jembamba au karatasi ya alumini upande usio na taa. Usifunike pale palipo taa, na usiweke taulo bichi karibu nayo, watu wameunguza nyumba hivyo. Maranda tupa. Ya seremala huwezi kujua ni ya mti gani wala kama mbao ilipakwa dawa ya mchwa, na ya msonobari yana utomvu unaomdhuru. Kiyoyozi, kama lazima kiwake, kasha lihamie chumba kingine. Hata ukumbini, mradi feni isimpulizie.

bi_tumbatu #10

Mie nitasema kuhusu pa kujifichia penye unyevu, maana hapo ndipo watu wanapoharibu: wanalowesha kasha zima.

Chombo cha plastiki chenye kifuniko, cha kutosha yeye kujikunja akaguse kuta zote. Toboa mlango ubavuni, mpana kuliko unene wake mkubwa kwa vidole viwili, kingo zilainishe kwa msumari uliopashwa moto ili zisimkate. Ndani tia usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) mpaka nusu. Usumba ulowe, halafu ukamue kwa mikono miwili mpaka usidondoshe hata tone. Ukidondosha bado. Chombo kiweke katikati ya kasha, pasiwe chini ya taa wala kwenye ubaridi kabisa. Wakati wa kujivua badilisha usumba kila siku 3 au 4, ukiona kuvu hata kidogo tupa wote siku hiyo hiyo.

Na usumba wenyewe, jamani, si kila usumba. Huu wa kusokotea kamba, makumbi yake yamefukiwa pwani miezi, umejaa chumvi na harufu ya tope. Ukimtilia huo unamkausha kwa chumvi. Chukua makumbi makavu kwa wanaofua nazi, yaliyokaa nchi kavu, yagonge kwa nyundo, yachambue, yaloweke maji matamu usiku mzima, mwaga, rudia mpaka maji yasiwe ya rangi ya chai. Hapo tumia.

Pahala pa kusugua pua pia muhimu. Jiwe letu la matumbawe lina meno kama msasa, litamchana ngozi changa. Tofali la kuchoma au kipande cha gogo la mwembe lenye ganda kinatosha.

Ila @gamba_zima, kuna jambo sikubaliani nawe kidogo. Umemwambia siku tatu mfululizo amloweshe. Kwa aliyekwama sawa, lakini watu watasoma hapa wageuze ada ya kila mwezi. Nyoka anayekaa pazuri hahitaji beseni maisha yake yote. Kumtia majini macho yakiwa na maziwa kunamtia hofu, haoni, na ngozi ya chini bado laini.

gamba_zima #11

Hapo umenisahihisha, bi. Beseni ni la aliyeshindwa kumaliza, na liwe baada ya kujivua, si kabla. Kabla ni unyevu wa hewa na hicho chombo chako cha usumba. Macho yakiwa na maziwa hashikwi, halishwi.

karafuu_kavu #12

Na masika je? Unyevu wenyewe unafika 90 bila kunyunyiza.

bi_tumbatu #13

Masika hofu inageuka. Chini pakiwa pamelowa muda wote, magamba ya tumboni yanatoa malengelenge, yanageuka kahawia, mwishowe kidonda. Miezi hiyo punguza usumba, tandika karatasi kavu, ongeza matundu ya hewa ubavuni. Unyevu uwe wa hewa, tumbo likae pakavu. Ukilikumbuka hilo mwaka mzima hukosei.

dawa_ya_mifugo #14

Sasa jicho. Nyoka hana kope. Juu ya jicho ana kioo, gamba moja angavu linalopitisha mwanga, nalo hutoka pamoja na gamba zima. Kikibaki, jicho huwa na ukungu, wakati mwingine na mikunjo midogo pembeni.

Kwanza hakikisha kweli kimebaki. Tafuta kile kipande cha kichwa katika gamba lililotoka, kiloweshe, kifungue polepole kwa kalamu butu, kitazame kwenye mwanga wa dirisha. Kioo kilichotoka ni kikombe kidogo kinachong'aa. Kilichobaki, badala yake kuna tundu la mviringo. Bila ushahidi huo usimguse. Jicho lililobonyea linaweza kuwa kiu tu, na ukungu unaweza kuwa ugonjwa wa jicho lenyewe. Mtu akianza kukwangua, anakwangua kioo hai. Chini yake kuna jicho tupu, litakauka, nyoka apoteze jicho.

Gamba likionyesha tundu: matone ya machozi bandia ya duka la dawa, yale ya kawaida. Yasiwe na antibiotiki wala steroidi. Tone moja mara mbili kwa siku, siku tano. Baada ya tone, kijiti cha pamba kilicholowa maji kipite juu ya jicho kutoka pembe ya pua kwenda nyuma, uzito wa kijiti chenyewe tu, mara mbili tatu. Hakijatoka, mwache. Kwa unyevu mzuri mara nyingi hutoka mzunguko ujao. Kibano, ukucha, utepe wa gundi: haramu. Mizunguko miwili ikipita na bado, au jicho likivimba au kutoa uchafu, mpeleke kwa daktari.

Mkia ndio hausubiri. Watu hulikimbilia jicho, mkia wakauacha, na mkia ndio unaokatika. Kila gamba linalobaki hukaa kama pete, likikauka hukaza, damu haifiki, ncha inageuka nyeusi, inakauka, inaanguka. Leo chukua kikombe cha maji ya nyuzi 30, utumbukize mkia pekee dakika 15, huku mwili umeufunika taulo bichi. Kisha vidole viwili na kitambaa cha pamba, zungusha kama unayefungua kizibo kidogo, huku ukisogeza kuelekea nchani. Usivute moja kwa moja, unaweza kung'oa ncha nzima. Angalia rangi: ya kawaida ni salama, nyeusi na ngumu ni ya daktari.

mwana_wete #15

Na kama utitiri angekuwa nao? Duka la pembejeo lina ivermektini ya ng'ombe.

dawa_ya_mifugo #16

Ndiyo sababu nimeanza na kuukagua. Hesabu yake ni hii. Ile ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita. Kipimo cha nyoka ni miligramu 0.2 kwa kilo. Huyu wa gramu 900 ni miligramu 0.18, yaani mililita 0.018. Kwenye bomba la insulini la vipimo 100 haifiki hata mistari miwili. Ukikosea mstari mmoja umezidisha zaidi ya nusu ya dozi. Lazima izimuliwe na anayejua, na irudiwe baada ya wiki mbili kwa sababu mayai hayafi. Kasha lisafishwe kwa maji ya moto, nyufa za mbao zikipakwa lakri au kuzibwa, chini kote kutandikwe karatasi.

Na mwenye kobe nyumbani aisikie hii: ivermektini inaua kobe. Usiitumie chumba kimoja naye, usitumie bomba lile lile. Wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu wangekufa kwa kipimo ambacho ng'ombe hakisikii.

pweza_kavu #17

Swali la mwisho kwa niaba ya wengi: haya yote yanafaa kwa chatu wetu wa shamba?

gamba_zima #18

Kanuni ni zile zile, mwili ndio mwingine. Chatu wa huku akipita mita 2 hashikwi na mtu mmoja, na beseni linageuka pipa. Akiwa wa porini huwa na kupe pia, unawatoa kwa kibano kimoja kimoja. Lakini kabla ya yote: aliyeokotwa shambani si wa kufuga. Kuna Sheria ya Zanzibar namba 10 ya mwaka 1996 ya misitu na hifadhi, na chatu wote wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kibali kwanza, watu wa misitu wapo Maruhubi. Na kama ni swila au yeyote mwenye sumu, futa kila nilichoandika kuhusu taulo.

mtende_kusini #19

Ripoti, siku ya 5: mkia umekwisha, pete zote zimetoka, ncha rangi ya kawaida. Kipande cha kichwa kimepatikana chini ya maranda, upande wa kushoto kuna tundu. Kwa hiyo kioo kweli kimebaki. Matone siku tano hayakukitoa, ameachwa. Kasha limehamia ukumbini, wavu umefunikwa, chombo cha usumba kipo. Saa nane usiku 68 baada ya kutoa 9.

bi_tumbatu #20

Hapo sawa. Andika tarehe, ngoja macho.

mtende_kusini #21

Siku ya 38 macho yaliingia maziwa, siku ya 43 yakasafika, jana siku ya 46 kajivua. Gamba limetoka zima kutoka puani hadi nchani, kinyume nje, likiwa bado na unyevu. Limenyooka sentimita 108, chatu mwenyewe 88, kwa hiyo msipime nyoka kwa gamba lake.

Kipande cha kichwa kimeloweshwa na kufunguliwa dirishani. Kulia kikombe kimoja. Kushoto viwili vimepandana, cha juu cha manjano kimekunjamana, cha chini safi.

dawa_ya_mifugo #22

Cha juu ndicho cha zamani. Jicho likiwa jeusi linang'aa, usitie tone tena. Mpe maji leo, chakula keshokutwa.